Mshenga wa Paka

Hotuba kwa wakazi waliokutana Mombasa kuzungumzia paka wa mitaani. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa pale kipaza sauti kilipokatika.

Assalamu alaikum. Hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniuliza anitambulishe vipi, nikakosa jibu. Mimi si daktari wa mifugo. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, nimestaafu, na sasa wale niliowafundisha wanawaambia watoto wao, "Yule ndiye mama paka, ukiona paka amegongwa kimbilia kwake." Jina silikatai. Lakini tukiiita kazi yangu kwa jina lake, mimi ni mshenga. Nyumba moja ina mwari, nyumba nyingine ina haja, na katikati yupo mtu anayekwenda na kurudi kwa miguu akibeba maneno. Tofauti ni kwamba mwari wangu ana mkia, na pengine ana jicho moja.

Leo nataka kusema juu ya paka mtu mzima. Kitoto cha paka hakihitaji mshenga. Kitie kwenye kikapu, kaa nje ya geti la shule watoto wanapotoka, kabla ya magharibi kimeshapata kwao. Kazi inaanza miezi minane baadaye. Kitoto kimekuwa shume, kinakojolea mapazia, baba mwenye nyumba amechoka, na kijana wa kazi anaagizwa gunia. Gunia hilo mnalijua. Linafungwa kamba, linapakiwa kwenye tuktuk, linafunguliwa sokoni alfajiri. Aliyelifunga anarudi nyumbani akisema, "Sokoni vyakula tele, atajipatia." Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Kuinga, kwa vijana wasiolijua neno, ni kufukuza, kama mtu anavyoinga ndege shambani. Najua walikuwa wakisema mambo ya watu na jamaa zao. Lakini wamemtaja paka, na mimi nimeamua kuichukua methali hiyo kama ilivyo, na mkia wake.

Sasa nitawapa habari za mmoja. Nilimwita Mabruki.

Alikuwa shume wa madoa ya kijivu, kichwa kikubwa kama embe dodo, sikio moja limechanika, anaishi Mji wa Kale pale wanapoteremsha samaki. Nilimkuta amevimba shingo, jipu limepasuka, nzi wanamzunguka. Daktari alilisafisha jipu, akamhasi, akamchanja, kisha akampima damu. Akaniambia, "Mama, huyu ana FIV." Ni kirusi kinachodhoofisha kinga ya paka. Kilitambuliwa mwaka 1986 huko California, na huku mtaani watu wamekipa jina la ukimwi wa paka. Jina hilo limeua paka wengi kuliko kirusi chenyewe. Hakimwambukizi binadamu, hakimwambukizi mbwa wala kuku. Paka humpa paka mwenzake, zaidi kwa kuumana kwa meno yaliyozama, ndiyo maana hupatikana sana kwa mashume wapiganaji. Paka mwenye nacho anaweza kuishi miaka mingi akila na kulala kama wengine. Anachohitaji ni kutopigana, na kupelekwa kwa daktari mapema akiugua.

Basi mwari wangu ana aibu yake. Mshenga afanyeje? Wapo washenga, na humu ukumbini najua wapo waliowahi kuuziwa maneno na watu wa namna hiyo, wanaosema bibi harusi ni mpole kumbe ana ulimi wa kukata chuma. Mimi niliapa nisifanye hivyo. Kila aliyeuliza nilimwambia: ana umri wa miaka sita au saba, ana FIV, hapatani na paka wengine, sikio limechanika, na akilala anakoroma. Watu kumi na mmoja waliuliza. Kumi waliondoka.

Wa kumi na moja alibaki, na hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa familia moja ya ghorofa ya tano. Nyumba safi, vigae vinang'aa, feni kila chumba, watoto watatu wenye adabu. Mama alisikia kila nilichosema akasema, "Hatuna paka mwingine, hakuna neno." Nami nikaitazama ile nyumba kwa macho ya binadamu. Nilifurahi kwa niaba ya Mabruki kama vile ni mimi niliyeozwa pale. Sikujiuliza shume aliyezoea kelele za mawimbi, uwazi, na kila upande pa kukimbilia, ataionaje sebule yenye mlango mmoja na watoto watatu wanaotaka kumbeba kwa zamu. Alijificha nyuma ya friji. Watoto wakamvuta. Akamparura wa kati mkononi. Siku nne hakutia kitu kinywani, na hili ni jambo la hatari sana, nitalirudia. Siku ya tano alirejeshwa kwangu, na ndiyo, ndani ya gunia la mchele.

Sikuwalaumu, na mpaka leo tunasalimiana. Kosa la mshenga halibebwi na wakwe. Nilikuwa nimeifanyia nyumba upelelezi wa kila kitu, paka nikamsahau.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba nyinyi mnaookota paka na kuwatafutia kwao: kaeni naye kwanza. Wiki mbili, tatu, ikiwezekana mwezi. Huo ndio uzuri wa paka mtu mzima, na watu hawauoni. Kitoto cha paka ni bahati nasibu, hujui kitakuwa mpole au mkali, cha mapajani au cha juu ya kabati. Mtu mzima ameshakuwa alivyo. Ukimpa muda anakuonyesha kila kitu, wala hajui kudanganya.

Shika ufagio upite karibu naye. Akikimbilia uvunguni, kuna nyumba huko nyuma alikopigwa kwa ufagio. Mwite mwanamume mwenye sauti nzito aje aketi tu, asimguse. Fungua mfuko wa nailoni. Acha mtoto apite na mpira. Angalia anapopenda kulala: chini au juu, palipo na watu au palipojificha. Mkazie macho, kisha fumba polepole na ufumbue. Akikurudishia vivyo hivyo, ujue amekusalimu. Andika yote hayo kwenye daftari, maana ukiona paka watano kwa mwezi utawachanganya. Mimi nina madaftari ya darasa la tatu yaliyobaki, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Umri usijisumbue kuutaja kwa uhakika. Meno ya ukubwani, yote thelathini, yanakuwa yameshatoka paka anapofika miezi sita hivi. Baada ya hapo daktari anakisia kwa ukoga wa meno, macho na manyoya. Sema "daktari amekadiria". Mwenye busara hatakuuliza cheti cha kuzaliwa.

Na kuna paka ambao daftari litakuambia wazi: huyu si wa sebuleni. Paka anajifunza kumwamini binadamu mapema mno, kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Aliyekua wiki hizo bila kuguswa na mkono wa mtu, akafikia utu uzima huko mapaani, huenda asikubali kushikwa maisha yake yote. Kumfungia chumbani ukisema "atazoea" ni kumtesa. Huyo afungwe kizazi, achanjwe, akatwe ncha ya sikio ili ajulikane ameshahudumiwa, arudishwe pale pale alipotoka, palipo na mtu wa kumtilia chakula. Au atafutiwe ajira. Nimewapeleka wawili kwenye ghala la nafaka na mmoja kwenye karakana ya seremala, na wote wako kazini hadi leo. Paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Ila mwenye ghala nampa masharti mawili. Paka alishwe kila siku, kwa sababu mwenye njaa hahudumu, anahama. Na sumu ya panya itoke kabisa mle ndani, kwa kuwa panya aliyekula sumu akiliwa na paka, wote wawili wanakwenda.

Naam, turudi kwa wa nyumbani. Ukishamjua paka, ndipo unakwenda kuijua nyumba. Na hapa, ndugu zangu, msione haya. Mtu akija kumposa binti yako hutamuuliza anafanya kazi gani, anaishi na nani, mke wa kwanza yuko wapi? Basi uliza.

Swali langu la kwanza ni hili: "Mmewahi kuwa na paka? Alikwenda wapi?" Kisha nanyamaza. Kuna anayejibu, "Alipotea," halafu anaendelea na chai yake. Kuna anayejibu, "Alipotea, tukamtafuta siku tatu, mpaka kwenye mifereji, mtoto akaugua kwa kulia." Neno lililowatoka ni moja, alipotea. Hawa ni watu wawili tofauti kabisa, na wa pili anaweza kuondoka na paka wangu hata kama nyumba yake ni chumba kimoja.

La pili: nani anashinda nyumbani? La tatu: mmepanga au ni kwenu, na kama mmepanga, mwenye nyumba anajua? Paka wengi waliorudi kwangu hawakurudi kwa kukosa mapenzi, walirudi kwa sababu mwenye nyumba alipiga hodi. La nne: mkienda Lamu kwa Maulidi, au mkienda bara mwezi wa Desemba, paka anabaki na nani? Nataka jina. "Majirani wapo" si jina.

Halafu namuuliza kila aliyemo, si mama peke yake. Kijana mmoja alikuja na mkewe, bibi ndiye msemaji, bwana kimya kabisa. Nikamwambia, "Mwanangu, nawe unamtaka?" Akasema, "Mama, mimi nikikaa na paka kifua kinanibana." Bibi harusi hakuwa anajua! Wameoana miezi minne. Kinachowabana watu ni protini iliyo kwenye mate ya paka. Akijilamba inabaki kwenye manyoya na kupeperuka, kwa hiyo hata ukimnyoa haitasaidia. Wale nimewapa ndege. Si ndege wangu, nimewaelekeza tu kwa mwenye ndege.

Naona mama mmoja kule nyuma ananyoosha mkono, na tumbo lake naliona pia, hongera mwanangu. Najua swali lako, kila mahali naulizwa. Umeambiwa mjamzito asikae na paka. Wengi wanamtupa paka siku ile ile kipimo kinapotoka. Ugonjwa upo, toksoplasma, na kwa mtoto aliye tumboni ni wa kuchukuliwa kwa uzito. Lakini sikiliza unavyokwenda. Vijidudu vinatoka na kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na vinahitaji siku moja hadi tano nje kabla havijaweza kumwambukiza mtu. Mchanga anamojisaidia paka ukisafishwa kila siku, na asiusafishe mama mjamzito, asafishe baba watoto, mlango huo umefungwa kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni nyama isiyoiva vizuri, mboga ambazo hazikuoshwa na mikono iliyotoka kulima bustani. Mwambie daktari wako wa kliniki kwamba una paka. Na mishikaki iive sana, tafadhali.

Juu ya chakula nitakwenda haraka, isipokuwa mambo mawili. Watu wanampa paka ugali na mchuzi, wanashangaa anakonda na macho yanafifia. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Anahitaji kitu kinachoitwa taurini, ambacho hawezi kujitengenezea cha kutosha mwilini, na kipo kwenye nyama na samaki, hakipo kwenye unga wa mahindi. Akikikosa muda mrefu anaweza kupofuka na moyo kudhoofika. Kwa hiyo chakula cha mbwa nacho hakimfai kwa kila siku, na maziwa watu wazima wengi huwaharishia. Mpe maji. La pili ni dawa. Nawaomba, nawasihi, msimpe paka Panadol. Kidonge kimoja cha kutuliza kichwa chako kinaweza kumuua yeye, ini lake halina namna ya kukichakata. Na dawa ya viroboto ya mbwa msimpake, nyingi zina permetrini, na hiyo kwake ni sumu inayomtia kifafa. Paka wawili wa namna hiyo wamepitia mikononi mwangu wakiwa wameshachelewa, na waliowapa dawa walikuwa watu wenye huruma.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila paka ninayemtoa anakuwa ameshapata, na ya magonjwa ya paka pia, na cheti namkabidhi anayemchukua mkononi. Jina lisitudanganye: kichaa cha mbwa paka anakipata na anakiambukiza. Ukiumwa au kuparurwa na paka usiyemjua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usiweke pilipili, usiweke majani, usiweke mafuta ya taa.

Haya, posa imekubaliwa. Mahari je? Wapo wanaosema paka wa kuokolewa atolewe bure, na wapo wanaotoza. Mimi sipokei pesa, lakini mahari nataka. Mahari yangu ni beseni la mchanga, bakuli mbili na chakula cha wiki mbili, na navikuta vimeshanunuliwa na kuwekwa mahali pake kabla paka hajavuka kizingiti. Mtu aliyeshindwa kununua beseni atashindwa na mengine. Na beseni moja namaanisha kwa paka mmoja. Wakiwa wawili, yawe matatu, msinicheke, mtanikumbuka.

Siku ya kuingia si siku ya karamu. Asialikwe mtu. Chumba kimoja, mlango umefungwa, ndani mna beseni, maji, chakula, na boksi la katoni. Boksi si mapambo. Uholanzi mwaka 2014 watafiti walichukua paka 19 waliotoka tu kuletwa kwenye kituo cha kuhifadhia, baadhi wakapewa boksi la kujifichia na wengine wakanyimwa. Wenye boksi walitulia mapema zaidi. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo kwa katoni za mafuta ya kupikia kabla sijasikia habari za Uholanzi, lakini nilifurahi kuona wazungu wamenihakikishia. Tia humo kitambaa chenye harufu ya nyumba aliyotoka. Mchanga wa kwanza uwe ule ule aliouzoea, hata kama ni wa ujenzi, mbadilishie baadaye. Kisha mwache. Keti mle chumbani, soma gazeti, kunja nguo, usimtafute. Yeye ndiye atakayekuja.

Kwa makadirio ya watu wa kazi hii, siku tatu za kwanza ni za hofu, wiki tatu ni za kujifunza nyumba, miezi mitatu ndipo anakuwa wenu. Ni makadirio, si sheria. Nimeona aliyelala kifuani mwa mtu usiku wa kwanza, nimeona aliyekaa uvunguni hadi Ramadhani ikaisha. Lakini kula si jambo la kusubiri. Nilisema nitalirudia: paka akikaa siku mbili bila kula chochote, hasa aliyenenepa, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na ini hushindwa. Siku ya kwanza mchemshie samaki mwenye harufu. Siku ya pili akikataa, nipigie. Ya tatu isikukute nyumbani, ikukute kwa daktari.

Na mlango wa nje usifunguliwe kabla ya wiki nne. Paka ukimtoa mapema anatafuta kwao, na kwao bado ni kule alikotoka. Wa ghorofani, weka wavu madirishani, maana paka huanguka jamani, hata hao wenye roho tisa.

Hapo nataka kusema neno kwa sisi Waislamu, na wengine mnisikilize kwa hisani. Habari za yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka tumezisikia tangu madrasa. Alimfungia mpaka akafa; hakumlisha, wala hakumwacha ajilie wadudu wa ardhini. Nilipokuwa mdogo nilidhani kosa lake ni njaa tu. Sasa namwona yule mwanamke ana milango miwili na ameifunga yote. Paka wa uani usipomlisha ana njia nyingine, ataruka ukuta. Paka wa ghorofa ya tano hana wadudu wa ardhini. Ukimpandisha huko, ule mlango wa pili umeufunga wewe, umebaki huu mmoja wa mkono wako. Maneno haya namwambia kila anayekaa ghorofani, na wengine husema, "Basi mama, ngoja kwanza nifikiri." Wakafikiri. Mimi sina haraka, paka anakula kwangu.

Na ikishindikana? Talaka ipo katika dini, itakosaje kwa paka. Nimewaandikia wote kwenye karatasi: ukishindwa mwezi wa kwanza au mwaka wa tano, mrudishe kwangu, sitakuuliza kwa hasira. Usimpe shemeji, usimpeleke sokoni, usimwache kwa bawabu. Na ninapiga simu siku ya tatu, wiki ya tatu na mwezi wa tatu. Baadhi yao hawazipendi simu zangu. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, hata mama mkwe hanifuatilii hivi."

Mnataka kujua Mabruki aliishia wapi. Alikaa kwangu miezi saba. Kuna mzee, fundi cherehani, anakaa peke yake nyumba ya chini yenye uwanja wa ndani, kuta nne na mbingu juu. Hakuja kutafuta paka, alikuja kudai pesa zake za kushona pazia. Mabruki alikuwa juu ya kabati. Mzee hakumwita, hakumnyooshea mkono, aliketi akanywa maji akapiga hesabu zake. Paka akashuka, akanusa viatu vyake, akarudi. Mimi nikajifanya sina chenji. Nikamwambia, mzee wangu, njoo kesho. Kesho yake nikamwambia njoo keshokutwa. Mara ya tatu shume lilijilaza juu ya mguu wake kama gunia la chumvi. Nikamweleza habari zote: FIV, sikio, umri, gunia la mchele. Akaniuliza swali moja tu: "Kelele za cherehani atazivumilia?" Nikasema sijui. Na kweli sikujua. Tulikwenda kujaribu. Siku hizi analala kwenye vitambaa vilivyobaki, chini ya meza, mguu wa mzee ukikanyaga juu na chini karibu na kichwa chake. Wateja wanalalamika nguo zina manyoya, mzee anawaambia hizo ni nakshi.

Pesa za pazia nililipa, kama kuna anayewaza.

Sasa, kabla sijashuka. Ninaye mmoja kwangu hivi sasa. Ni jike la rangi tatu, nyeupe, nyeusi na machungwa. Na paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, rangi hizo zinakwenda na kromosomu ya X, kwa hiyo ukiletewa dume wa rangi tatu kaniamshe hata usiku. Daktari amekadiria ana miaka tisa. Bibi aliyemlea alifariki, na wajukuu wamegawana vyombo, paka akabaki barazani. Amefungwa kizazi, amechanjwa, damu yake ni safi. Meno mawili ya mbele hana. Watoto hawataki, paka wenzake hawataki, maji anakunywa kwenye kikombe cha kahawa tu, bakuli analitazama kama umemtukana. Adhana ya alfajiri ikianza naye anaanza, kwa sauti, mpaka mtu aamke. Nadhani ndivyo alivyokuwa akimwamsha bibi yake. Anataka kiti kimoja kiwe chake, na mtu wa kukaa karibu nacho jioni.

Anayefikiri ana kiti hicho aje tuzungumze. Nitakuwa pale mlangoni penye meza ya chai. Leo hamchukui mtu, mtakuja kwangu mara mbili kwanza, na beseni nitataka kuliona. Wala msimtafute kwenye kile kikapu nilichokuja nacho. Kile kina maandazi.